Kutaja Sababu Mbele ya Daktari: Wasiwasi wa Kuomba Tiba ya Homoni za Kubadili Jinsia katika Mazingira ya Kariakoo na Katikati ya Jiji la Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza chanzo na matokeo ya wasiwasi unaompata mtu anayetaka kumwomba daktari tiba ya homoni kwa ajili ya kubadili jinsia, kwa kurejelea eneo la Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam. Hoja ya msingi ni kwamba wasiwasi huo hautokani na dawa zenyewe, kwa kuwa dawa zinazohusika zimo tayari katika tiba ya kawaida. Unatokana na ulazima wa kutaja sababu ya kuzihitaji. Daktari huuliza sababu. Muuza dawa mara nyingi haiulizi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwelekeza mtu kwenye kaunta ya dawa na kumweka mbali na vipimo. Makala yanapitia istilahi, maana ya wasiwasi, sheria na matukio ya miaka ya 2016 hadi 2018, mpangilio wa huduma, na hatari za kutumia homoni bila uangalizi. Mwisho yanapendekeza namna mazungumzo ya daktari na mgonjwa yanavyoweza kufanyika kwa Kiswahili bila kumvunjia mtu heshima.

1.0 Utangulizi

Kariakoo ni eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo ni kitovu cha biashara ya jumla na rejareja nchini Tanzania. Soko lake kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kuanza kutumika katikati ya miaka ya 1970, liliungua moto Julai 2021. Hata hivyo, mitaa inayolizunguka haikuacha kufurika watu. Kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Mnazi Mmoja ni mwendo mfupi wa miguu, na kutoka hapo hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Upanga, si safari ya kuogopesha. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana nayo iko jirani, Ilala. Mtu anayefanya kazi Kariakoo hupita kila siku mbele ya maduka ya dawa, maabara na zahanati za watu binafsi.

Kwa hiyo tatizo linalojadiliwa hapa si umbali wa huduma kwa kipimo cha kilometa. Mtu anaweza kuishi dakika kumi kutoka kwa daktari na akakaa miaka kumi bila kumweleza shida yake. Swali ambalo makala haya yanalijibu ni hili: ni kitu gani hasa kinachomzuia, na kizuizi hicho kinamgharimu nini kiafya?

2.0 Istilahi: Jinsi, Jinsia na Homoni

Katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili, jinsi hutumika kwa maumbile ya mwili, yaani me au ke, na jinsia hutumika kwa nafasi, majukumu na utambulisho wa mtu katika jamii. Katika matumizi ya kila siku maneno haya hayatenganishwi, na hata fomu za ofisini huandika moja au jingine kwa maana ileile. Mkanganyiko huu una matokeo. Anayesema “nataka kubadili jinsia” anaweza kuwa anazungumzia namna anavyojitambua na anavyotaka kutambuliwa, lakini msikilizaji akaelewa upasuaji wa viungo vya uzazi. Kitenzi kubadili chenyewe huashiria tendo la mara moja, kama kubadili nguo, ilhali tiba ya homoni ni mchakato wa polepole unaochukua miaka.

Homoni, ambazo vitabu vya biolojia vya Kiswahili huziita pia vichocheo, ni kemikali zinazotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu ili kuongoza kazi za mwili. Estrojeni na testosteroni zimo katika miili ya watu wa jinsi zote, kwa viwango tofauti. Tiba inayozungumziwa hapa hubadili viwango hivyo. Mtu anayetaka mwili wake uelekee uke hupewa estradioli, mara nyingi pamoja na dawa ya kuzuia nguvu ya testosteroni. Anayetaka mwili wake uelekee uume hupewa testosteroni.

Neno la tatu linalohitaji uangalifu ni huntha. Katika fiqhi ya Kiislamu neno hili humhusu mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo bayana ya kiume au ya kike, na wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi katika masuala ya mirathi na ibada. Huntha si sawa na mtu ambaye mwili wake uko bayana lakini hajitambui kwa jinsi hiyo. Wanazuoni wenyewe wamekabiliana na mpaka huo kwa namna tofauti. Nchini Iran, Ayatollah Khomeini alitoa fatwa ya kuruhusu upasuaji katika miaka ya 1980. Nchini Misri, fatwa ya mwaka 1988, iliyotolewa na Sheikh Tantawi baada ya upasuaji wa mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar, ilizua ubishi kwa sababu pande zote mbili zilidai kuwa inawaunga mkono. Katika mtaa wenye waumini wengi kama Kariakoo, mtu huweza kushawishika kujieleza kwa neno huntha kwa kuwa lina mahali katika dini. Daktari akilipokea neno hilo kama lilivyo, ataagiza vipimo vya tatizo ambalo mgonjwa hana.

3.0 Hofu, Wasiwasi na Soni

Kiswahili hutofautisha hali ambazo lugha ya kliniki mara nyingi huziweka pamoja. Hofu ina kitu kinachojulikana: mbwa, mwizi, sindano. Wasiwasi hauna umbo kamili. Ni moyo kutotulia kwa kutojua jambo litaangukia wapi. Soni na fedheha huhusu macho ya wengine. Anayetaka kumwomba daktari homoni hubeba hali hizi zote kwa pamoja, na ni kosa kuzitibu kama kitu kimoja.

Hofu yake ni ya mambo yanayotajika, kama kuripotiwa, kufukuzwa chumbani au habari kufika nyumbani. Wasiwasi wake ni wa kutojua daktari aliyempata ni mtu wa namna gani, kwa kuwa hakuna dalili ya nje inayomwonyesha. Soni huanza hata kabla ya neno la kwanza, pale anapofikiria uso wa daktari utakavyobadilika.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu unyanyapaa, alieleza kwamba mtu mwenye sifa inayoweza kufichwa hutumia nguvu nyingi kudhibiti nani anajua nini kumhusu. Ilan Meyer naye, katika kazi yake ya mwaka 2003, alionyesha kwamba watu wa makundi madogo yanayonyanyapaliwa huumizwa na matukio yanayowapata na pia na kuyatarajia. Kutarajia kuna gharama yake mwilini na akilini hata siku ambayo hakuna baya lililotokea. Kwa mtazamo huu, wasiwasi wa kwenda kwa daktari hauwi dalili ya udhaifu wa akili. Ni hesabu inayofanywa na mtu aliyewahi kuona au kusikia yaliyowapata wengine, na hesabu hiyo haifanywi hewani.

4.0 Sheria na Kumbukumbu ya Karibu

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni urithi wa utawala wa Mwingereza. Kifungu cha 154 kinahusu kujamiiana kinyume cha maumbile. Baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kifungu hicho kinaadhibu tendo la kujamiiana. Hakuna mahali katika kanuni hiyo panapotaja homoni, wala panapomkataza mtu kumwambia daktari anavyojitambua. Hata hivyo, katika fikra za umma, kujitambua kwa jinsia nyingine na tendo linalokatazwa huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Mgonjwa hajui kama daktari wake anatofautisha.

Matukio ya miaka ya karibuni yameongeza uzito wa mashaka hayo. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku usambazaji wa vilainishi vilivyokuwa vikitolewa katika kinga ya VVU. Februari 2017 wizara hiyo ilitangaza kuzuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa yale yanayoitwa makundi maalumu. Oktoba 2017 polisi waliwakamata watu 13, wakiwamo mawakili, katika mkutano uliofanyika hotelini jijini Dar es Salaam kuhusu suala la kufungua kesi juu ya maamuzi hayo. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye, Novemba 4, Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali.

Kanusho hilo lilikuwa muhimu, lakini kwa mgonjwa ujumbe uliobaki ni ule wa kupeleka majina. Faili la hospitali lina jina, namba ya simu, mtaa na jina la ndugu wa karibu. Mtu aliyesikia wito wa mwaka 2018 halioni faili hilo kama karatasi ya matibabu tu.

Upande wa pili wa sheria haujulikani sana, na unastahili kujulikana. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Maadili ya udaktari nayo yanamfunga daktari kutunza siri ya mgonjwa. Katika nchi jirani ya Kenya, Mahakama Kuu iliamua Oktoba 2014, katika shauri la Audrey Mbugua, kwamba baraza la mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsi. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, lakini unaonyesha kwamba suala hili limewahi kujadiliwa Afrika Mashariki kwa lugha ya haki na nyaraka, si kwa lugha ya makosa ya jinai pekee.

5.0 Kutoka Mapokezi hadi Chumba cha Daktari

Mgonjwa hafiki kwa daktari moja kwa moja. Huanzia mapokezi, ambako huulizwa jina, umri na mara nyingi shida yake, huku waliopanga foleni wakisikia. Akiwa na kadi ya bima, jina na jinsi vilivyoandikwa humo hulinganishwa na sura yake. Kisha hupimwa shinikizo la damu na uzito, na hukaa kwenye benchi akisubiri jina lake liitwe kwa sauti. Kwa mtu ambaye mavazi au sura yake haviendani na jina lililoandikwa, kuitwa huko ndiko kufichuliwa kwa kwanza. Wengine huondoka hapo kabla ya kumwona daktari, na hakuna daftari linaloandika kwamba waliondoka.

Ndani ya chumba, Kiswahili hutoa nafasi ambayo lugha nyingine hazina. Kiambishi cha nafsi a- na neno yeye havitaji jinsi. Daktari anaweza kumsikiliza mgonjwa, kumweleza muuguzi na kumwandikia mtaalamu mwenzake kwa Kiswahili, kuanzia salamu hadi rufaa, bila kulazimika kuamua kama anamzungumzia mwanamume au mwanamke. Lakini nafasi hiyo hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni maneno ya heshima na udugu: kaka, dada, mama, baba, anko, anti. Haya hutamkwa kwa nia njema, na ndiyo adabu ya mjini. Hata hivyo kila moja ni uamuzi kuhusu jinsia. Ya pili ni kwamba mazungumzo hufanyika kwa Kiswahili ilhali maelezo ya faili huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kiwakilishi chake cha nafsi ya tatu hulazimisha uchaguzi. Mgonjwa huzungumza katika lugha isiyomgawa, akahifadhiwa katika lugha inayomgawa.

Hapo ndipo swali la “una tatizo gani?” linapofika. Estrojeni huandikwa kwa wanawake waliokoma hedhi. Testosteroni huandikwa kwa wanaume ambao miili yao haiitengenezi ya kutosha. Spironolaktoni, inayotumika kuzuia nguvu ya testosteroni, ni dawa ya siku nyingi ya shinikizo la damu na moyo kushindwa kufanya kazi. Daktari anazifahamu zote. Kitu kigeni katika ombi ni sababu, na sababu ndiyo ambayo mgonjwa ameificha kwa mama yake, kwa mwenye nyumba na kwa mwajiri wake.

6.0 Kaunta ya Dawa na Gharama ya Kunyamaza

Duka la dawa humwondolea mtu mzigo huo. Vidonge vya uzazi wa mpango hupatikana kwa urahisi, hata katika maduka ya dawa muhimu yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 2003 ili kufikisha dawa kwa wananchi wengi. Mwanamume anayevinunua hufikiriwa kuwa ametumwa na mkewe. Anayeulizia testosteroni hufikiriwa kutafuta nguvu za kiume, biashara ambayo Kariakoo haishangazwi nayo. Jamii imekwisha kumtungia mnunuzi sababu, naye hana haja ya kutunga yake.

Lakini sababu ya kubuni huzaa ushauri usiomhusu. Maelekezo ya muuza dawa humlenga mke asiyekuwapo. Hayamfikii mtu anayekwenda kuvimeza, ambaye huenda akameza vingi zaidi ya kipimo kwa kutaka mabadiliko ya haraka. Vidonge vingi vya uzazi wa mpango vina ethinilestradioli, estrojeni ambayo huchochea ini kutengeneza kwa wingi viambato vya kugandisha damu. Ndiyo maana miongozo ya sasa haiishauri kwa kubadili jinsia, na huchagua estradioli inayofanana na ile ya mwilini. Damu ikiganda katika mshipa wa mguu, donge huweza kwenda mapafuni na kuua. Hatari huongezeka kwa mvutaji wa sigara na kwa mwenye umri mkubwa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au pumzi kukatika ghafla ni dalili zinazohitaji hospitali saa hiyohiyo, na daktari wa zamu akijua mtu anatumia estrojeni hufikia jibu mapema.

Dawa nyingine zina hatari zake. Spironolaktoni huweza kupandisha potasiamu katika damu hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Testosteroni huongeza wingi wa chembe nyekundu hadi damu kuwa nzito. Baadhi ya mabadiliko hayarudi nyuma: sauti iliyonenepa kwa testosteroni haiwi nyembamba tena dawa ikiachwa, na matiti yaliyoota kwa estrojeni hayatoweki yenyewe. Uwezo wa kupata mtoto huweza kupungua au kupotea, jambo linalotakiwa kuzungumzwa kabla ya kidonge cha kwanza. Anayetumia ARV naye ana la kumwambia daktari, kwa sababu baadhi ya dawa hizo, kwa mfano efavirenzi, huweza kupunguza kiwango cha estradioli.

Vipimo vinavyotakiwa si vya ajabu: shinikizo la damu, wingi wa damu, ini, figo, potasiamu na viwango vya homoni. Mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani unapendekeza ufuatiliaji kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo hufanywa kila siku katika maabara za katikati ya jiji. Kinachokosekana ni mtu wa kuvisoma akijua vinasomwa kwa ajili ya nini.

7.0 Namna ya Kuuliza na Namna ya Kupokea

Msamiati wa kitaalamu umebadilika kwa faida ya mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa lililoidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kujamiiana. Jina lake sasa linaeleza kutolingana kwa jinsia. Daktari aliyesoma kwa toleo la zamani alifundishwa vinginevyo, na huenda hana ubaya wowote isipokuwa hajapata toleo jipya.

Kwa upande wa mgonjwa, uzoefu wa kliniki kwa masuala mengine ya siri unaonyesha thamani ya kugawa ombi katika hatua. Hatua ya kwanza ni kuuliza kuhusu siri kabla ya kutaja shida: “Dokta, nitakayosema yanabaki hapa? Yanaandikwa wapi?” Jibu la swali hilo, na namna linavyotolewa, humpa mgonjwa kipimo cha mtu aliye mbele yake akiwa bado hajapoteza kitu. Hatua ya pili ni kutaja kinachotumika tayari, kama kipo, kwa sababu usalama wa mwili hauwezi kungoja imani ikamilike. Hatua ya tatu ni ombi lenyewe. Mgonjwa ana haki ya kuishia hatua ya kwanza au ya pili na kurudi siku nyingine. Aliyepima damu yake leo na kunyamaza kuhusu mengine amepata kitu ambacho kaunta haikumpa.

Kwa upande wa daktari, mambo matatu yako ndani ya uwezo wake bila kusubiri mwongozo mpya. Kwanza, kuuliza “ungependa nikuiteje?” kabla ya kutumia kaka au dada. Pili, kuuliza kuhusu dawa bila kuuliza kwanza sababu: “Kuna vidonge au sindano zozote unazotumia, hata za kununua mwenyewe?” Tatu, kusema wazi kiwango cha ujuzi wake. Daktari anayesema, “Tiba hii sijawahi kuitoa, lakini vipimo hivi naweza kuvifuatilia,” amemsaidia mgonjwa kuliko anayenyamaza kwa kuogopa kuonekana hajui.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba wasiwasi wa kumwomba daktari homoni una mizizi inayotajika: istilahi zinazochanganywa, sheria inayofikiriwa kuwa pana kuliko ilivyo, kumbukumbu ya wito wa kupeleka majina, mapokezi yasiyo na faragha, na faili linaloandikwa kwa lugha nyingine. Mizizi hii ikielezwa, inabainika kwamba kumwambia mgonjwa “jikaze” si tiba, kwa kuwa sehemu kubwa ya mambo hayo hayamo ndani yake. Kaunta ya dawa humstahi kwa kutomuuliza, na kwa sababu hiyohiyo humwacha peke yake na donge la damu.

Inapendekezwa kwamba vyuo vya afya vifundishe toleo la 11 la ainisho la magonjwa pamoja na istilahi zake za Kiswahili. Kwamba mafunzo ya wauza dawa yajumuishe dalili za hatari za estrojeni kwa kila mnunuzi bila kujali inadhaniwa anamnunulia nani. Na kwamba vituo vya afya vitenganishe mahali pa kuandikisha jina na mahali pa kueleza shida. Pendekezo la mwisho halihusu kundi moja. Mwenye fistula, mwenye VVU, binti anayetafuta uzazi wa mpango na mzee mwenye tatizo la mkojo wote wamewahi kusimama kwenye dirisha lilelile, wakajibu kwa sauti ya chini, na wakaambiwa waongee kwa nguvu.